CS2: bunduki, kevla na maguruneti, dola ziende wapi kwanza?

Kaskazi_T

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tujadili mgawanyo wa pesa kwenye CS2 (Counter-Strike 2, mchezo wa risasi wa kompyuta, watu watano kwa watano: T wanatega bomu, CT wanazuia). Nazungumzia mechi za Premier na Competitive ya kawaida: raundi 12 kila nusu, mshindi ni wa kwanza kufikisha 13.

Vifaa vyetu ni vya aina mbili. Vipo unavyoendelea kuwa navyo ukimaliza raundi ukiwa hai: bunduki, kevla (fulana ya kuzuia risasi), helmeti, na koleo la kutegulia bomu. Na vipo vinavyokwisha ukishavirusha, yaani maguruneti: smoki (ya moshi), fleshi (ya kupofusha), HE (ya kulipuka), molotovu (ya moto). Shida inakuja kwenye hesabu. T aliyekamilika anahitaji AK-47 kwa 2,700, kevla na helmeti 1,000, smoki 300, fleshi mbili 400, molotovu 400. Jumla 4,800. CT mwenye bunduki ya M4A1-S anatoa 2,900, kisha 1,000, koleo 400, smoki 300, fleshi mbili 400, tayari 5,000 na bado hajanunua HE wala bomu la moto, ambalo kwa CT ni ghali kuliko molotovu. Ushindi wa raundi unalipa 3,250, au 3,500 bomu likilipuka au likiteguliwa. Maana yake ukishinda lakini umekufa, malipo hayatoshi kukurudisha ulipokuwa.

Maswali yangu: pesa zikiwa pungufu, tukate nini kwanza, maguruneti au kinga? Kevla iliyochubuka inunuliwe upya lini? Na mmebaki wawili dhidi ya wanne, ni wakati gani wa kukimbia na bunduki na wakati gani wa kwenda kufa? Naona timu nyingi zinaamua kwa hisia, raundi ya tano au ya sita zote zimefilisika.

PembeYaB

Mkuu Kaskazi, umeanza na hesabu sahihi, ila umehesabu mtu mmoja mmoja. Maguruneti yahesabiwe kwa timu nzima. Si lazima kila mchezaji abebe manne.

Chukua ramani ya Mirage, mnataka kuingia A (moja ya sehemu mbili za kutega bomu, A na B). Smoki zinazohitajika kweli ni tatu, kwa majina ya sehemu zinapotua: moja CT, moja Jungle, moja Stairs. Hizo ni 900. Ongeza fleshi mbili za kuingilia, 400, na molotovu moja ya kumtoa mtu kwenye kona, 400. Jumla 1,700 kwa watu watano, yaani wastani wa 340 kila mmoja. Linganisha na watu watano kila mmoja ameshika seti ya 1,100: hapo mmetumia 5,500 na nusu yake mtakufa nayo mfukoni. Kwa hiyo kabla ya kununua, semeni nani anarusha nini. Asiye na smoki ya kurusha anunue fleshi moja ya 200 tu, au asinunue kitu na abaki na akiba ya raundi ijayo.

Guruneti unaweza kumpa mwenzako. Lishike mkononi, bonyeza G, linaanguka chini, analiokota. Anayejua kurusha smoki ya Jungle akiwa hana pesa, tajiri wa timu amnunulie. Hili halifanyiki vya kutosha, watu wanagawa bunduki tu.

Upande wa CT hesabu inabadilika kulingana na ramani. Ramani ya Inferno, anayelinda banana (njia ya kuelekea B) anateketeza kuliko wenzake wote: bomu la moto mwanzoni kabisa kuwazuia wasichukue nafasi, HE kuwaumiza waliojipanga, fleshi ya kujitokezea au kurudi nyuma. Huyo ndiye apewe kipaumbele cha maguruneti hata kama mlinzi wa A atabaki na smoki peke yake. Na mjue T wenye akili watazima ule moto kwa smoki, smoki ikitua juu ya moto unakufa papo hapo. Basi usirushe bomu la moto sekunde ya kwanza kwa mazoea kila raundi. Wakishaona, wanakuja na smoki ya 300 kuua bomu lako la bei kubwa zaidi.

Kuhusu HE, kwenye CS2 ina kazi ya pili ambayo zamani haikuwepo: ikilipuka ndani ya smoki inapasua tundu kwa muda mfupi, unaona ng'ambo, kisha moshi unajifunga. Kwa CT aliyefungiwa kwa smoki, dola 300 zinazomfungulia dirisha kwa wakati anaouchagua yeye ni pesa nzuri sana. Ila mwenzako awe ameshalenga pale kabla haijalipuka. Ukirusha halafu ndiyo utafute bunduki, tundu limeshazibika.

Kusi_Kavu

Nijibu upande wa kinga, maana hapo watu wanapoteza 650 bila sababu.

Kevla ina pointi 100. Wengi wakiona imefika 85 wanainunua upya. Usifanye hivyo. Risasi ya AK kifuani inakula kama pointi 4 tu za kevla, kwa sababu AK inapenya sana, madhara mengi yanaingia mwilini. Bastola dhaifu kama Glock inakula kama mara mbili ya hapo. Kevla inakulinda kwa kiwango kilekile ikiwa 100 au ikiwa 40, mpaka iishe kabisa. Dhidi ya bunduki kubwa utakufa wewe kabla haijafika sifuri. Kwa hiyo ikiwa juu ya 50, iache. Ikiwa chini ya hapo na pesa ipo, nunua. HE ndiyo inayoichubua kwa haraka, hivyo ukipigwa HE mbili kwenye raundi moja, tazama namba.

Helmeti haichakai. Ukiwa nayo na uko hai, inabaki. Kuongeza helmeti juu ya kevla ni 350, na kufufua kevla ukiwa tayari na helmeti ni 650, si 1,000.

Sasa, je, CT anunue helmeti? Angalia wapinzani wameshika nini. Kichwa kimoja (risasi moja ya kichwani) cha AK kinaua hata ukiwa na helmeti. Galil (bunduki nafuu ya T) haikuui kwa kichwa kimoja ukiwa na helmeti, inakuacha na damu kidogo sana. MAC-10 (bunduki ndogo) iko mbali kabisa na kukuua. Glock ya karibu inaua asiye na helmeti kwa risasi moja ya kichwa, aliye nayo anapona. Basi T wakiwa wote na AK, helmeti ya CT ndiyo 350 ya kwanza kukatwa. Wakiwa na MAC-10, Galil au bastola, kuiacha ni kuwapa zawadi.

Mfano wa raundi ya tatu, CT mmepoteza raundi ya bastola (ya kwanza ya nusu) na ya pili mkabana matumizi. Mna 1,900 na 2,400, jumla 4,300. Ukinunua M4A1-S na kinga kamili umebaki na 400: ama koleo, ama fleshi mbili, si vyote. Ukiacha helmeti umebaki na 750: smoki na koleo vinaingia, na 50 ya chenji. Mimi nachukua njia ya pili pale tu ninapoona AK upande wa pili. Raundi ya tatu mara nyingi T bado wana MAC-10 za raundi iliyopita, na hapo helmeti inarudi kuwa ya lazima. Bonyeza Tab, kumbuka nani alikuua kwa bunduki gani raundi iliyopita, ndipo ufungue menyu ya kununua.

T ni habari nyingine. T anunue helmeti karibu kila mara, kwa sababu kichwa kimoja cha M4 hakimuui akiwa nayo, na bastola za CT zinakosa makali.

Bila kevla kabisa usicheze raundi ya bunduki. Si suala la damu peke yake. Ukipigwa bila kevla, shabaha yako inaruka juu na huwezi kujibu. Bora AK ishuke kuwa Galil ya 1,800 lakini kevla iwepo.

Lango_Kuu

Swali la kukimbia na bunduki linajibiwa tofauti kwa T na kwa CT, na wengi hawajui kwa nini.

Malipo ya kushindwa hupanda ngazi: 1,400, 1,900, 2,400, 2,900, 3,400. Kila nusu inaanza ngazi ya pili, ndiyo maana mkipoteza raundi ya bastola mnapata 1,900. Mkishinda raundi hamrudi mwanzo, mnashuka ngazi moja. Angalia hatari iliyopo hapo: timu iliyoshinda bastola imeshuka hadi ngazi ya chini kabisa, ikipoteza raundi ya pili inaambulia 1,400. Ndiyo maana raundi ya pili baada ya kushinda bastola haichezwi kwa dharau.

CT aliyebaki hai akashindwa raundi analipwa kama wenzake, na bunduki yake anaondoka nayo. Kwa hiyo CT wawili dhidi ya wanne, bomu limeshategwa, hamna koleo, hakuna mjadala. Tafuteni kona mbali na bomu mapema. Bomu lina sekunde 40 tangu litegwe, na T watakuja kuwasaka kabla halijalipuka. Anayeamua kusevu (kukimbia na bunduki) zikiwa zimebaki sekunde 10 ameshachelewa, njia zimefungwa. Kutegua kunachukua sekunde 10 bila koleo na 5 ukiwa nalo. Basi hesabu si idadi ya maadui pekee: zikibaki sekunde 20, hamna koleo na maadui ni watatu, mna sekunde 10 za kuua watu watatu na kufika kwenye bomu. Ondokeni.

T ni mkataba mwingine. Muda wa raundi ukiisha bomu halijategwa na wewe uko hai, hupati hata senti moja. Unabaki na ulichoshika tu. Kwa hiyo unapima: ulichoshika kina thamani gani, na malipo ya kushindwa yako ngazi gani? Mna AK, kevla na helmeti, na ngazi ni 1,900: mali ya 3,700 imezidi malipo, sevu. Mna Galil na kevla iliyochakaa, na ngazi ni 2,900: nenda tu katege bomu, hata ukifa umepata zaidi. AWP (bunduki ya kudungulia) ya 4,750 sevu karibu wakati wote. Tatizo linakuja ngazi ikiwa 3,400 na una AK. Zinakaribiana, na hapo uangalie akiba. Aliye na 3,000 benki asevu, aliye na sifuri aende, kwa sababu AK bila maguruneti na bila pesa ya kuinunulia kevla raundi ijayo haina msaada mkubwa.

Na ukiwa wewe ndiye mwenye bomu, tega kwanza ndipo ukimbie. Bomu likishategwa, T aliyebaki hai analipwa hata likiteguliwa, aliyetega anapata 300 zake, na timu nzima inaongezewa fungu juu ya malipo ya kushindwa. T wawili waliokaa kona na bomu mgongoni mpaka saa ikaisha wamewanyima pesa watu watano.

Guruneti ambalo hukurusha linabaki na wewe ukiwa hai. Kwa hiyo unaposevu, usirushe smoki yako ya mwisho bila sababu. Bunduki, kevla na smoki mbili za watu waliosevu zinaweza kuwa tofauti ya raundi nzima ijayo.

Kaskazi_T

Asanteni sana wakuu, hili la T kutolipwa muda ukiisha lipewe bango. Nina mawili yaliyobaki. Koleo tununue mangapi? Na Zeus (kifaa cha umeme) ya 200 ni ya kutupa au ya kubaki?

PembeYaB

Koleo matatu yanatosha timu ikiwa na hali ya kati: moja A, moja B, moja kwa anayezunguka katikati. Mwenye koleo akifa linaanguka, mwenzake CT akilipitia analiokota, T haliwezi kumsaidia. Likinunuliwa mara moja kwa 400 linadumu mpaka ufe, kwa hiyo aliye nyuma, anayeishi raundi nyingi, ndiye alinunue. Mlinzi wa banana anayekutana na watu sekunde ya kumi asipoteze 400 pale, aweke kwenye HE na fleshi kama nilivyosema juu.

Zeus zamani ilikuwa risasi moja na kwisha. Tangu Februari 2024 inajichaji kwa sekunde 30, na ukiwa hai unaingia nayo raundi inayofuata. Kwa hiyo imehamia kundi la vinavyobaki. Inafaa kwa anayekaa sehemu finyu, na kwa raundi ya kubana matumizi ambapo hutaki kugusa zaidi ya 200. Ila usinunue kwa kukata smoki. Smoki 300 inazuia njia nzima, Zeus inamfikia aliyekusogelea tu.

Kusi_Kavu

Naongeza mambo ambayo hayajaguswa.

Raundi ya 12 hakuna cha kusevu. Nusu ikibadilika pesa zote na bunduki zote zinafutwa, kila mtu anaanza na 800. Nunua kila kitu, mpe mwenzako AWP, jaza maguruneti manne, mnunulie bunduki asiye na kevla ili pesa yake anunue kevla. Utashangaa wangapi wanakimbia na AWP raundi hiyo. Hivyohivyo wapinzani wakiwa na pointi 12, hakuna raundi ijayo ya kuwekea akiba, tumieni mpaka mwisho.

Menyu ya kununua inakuonyesha kiasi cha chini utakachokuwa nacho raundi ijayo. Itumie hiyo namba kabla hujabonyeza chochote. Ikiwa ukinunua sasa inasoma chini ya 3,700 kwa T, maana yake mkipoteza hutapata AK na kinga raundi ijayo. Basi ama timu nzima iingie mzima mzima, ama timu nzima ikae. Watu watatu wakinunua na wawili wakibana, hakuna raundi yoyote kati ya hizo mbili mtakayokuwa na nguvu. Ukikosea kununua na muda wa kununua haujaisha, hujakitumia kitu, rudisha, pesa inarudi yote.

Na bunduki ndogo zinarudisha pesa zake. Mauaji ya bunduki kubwa yanalipa 300, ya MAC-10 au MP9 yanalipa 600, ya AWP 100 tu. Mkishinda bastola mkiwa T, una kevla na 150, unapata 3,250, una 3,400. Ongeza helmeti 350, MAC-10 1,050, smoki, fleshi mbili na molotovu 1,100: umetumia 2,500 na una 900 benki. Mkishinda hiyo raundi, ya tatu ingieni na MAC-10 zilezile na mnunue maguruneti peke yake. Mkipoteza, hamjafilisika. Hapo maguruneti ndiyo bunduki yenu, kwa sababu MAC-10 haishindani na M4 kwa mbali. Lazima smoki zikufikishe karibu.

Lango_Kuu

Nimalizie AWP kwa kuwa imetajwa. AWP na kinga kamili ni 5,750, na kila mauaji yanarudisha 100. Mwenye AWP akifa timu ikashindwa na akawa hana akiba, hata ngazi mbili za malipo, 1,900 na 2,400, hazimrudishii bunduki na kinga. Kwa hiyo AWP ya pili isinunuliwe wakati kuna mtu kwenye timu hana kevla. Na raundi ikiisha, zile sekunde chache kabla ya raundi mpya, aliye hai apite kwenye bunduki zilizoanguka. Akiwa na M4 na kuna AWP chini, aichukue AWP, raundi ijayo aiangushe kwa mwenzake na anunue M4 yake kwa 2,900. Timu imeokoa 1,850 kwa kukimbia hatua kumi.

Kwa wanaocheza kutoka huku kwetu, mara nyingi unapangwa seva za Johannesburg au Dubai na wenzako hamzungumzi lugha moja. Usitegemee maelezo marefu kwa maiki. Angusha smoki miguuni pake, elekeza alama mahali inapotakiwa kutua, ataelewa. Na ukiwa maskini, omba bunduki kwa utulivu badala ya kupiga kelele.

Kaskazi_T

Nimeelewa mkuu. Hilo la kuangusha AWP na kununua M4, je, aliyeokota AWP akiwa na 2,000 tu benki bado afanye hivyo?

Lango_Kuu

Ndiyo, ila mpokeaji ndiye amnunulie M4. Mwenye 2,000 anaangusha AWP kwa mpiga AWP wenu, huyo naye ananunua M4A1-S na kuiangusha kwa aliyempa. Mpiga AWP ametumia 2,900 badala ya 4,750, mwenye 2,000 anabaki na pesa yake yote kwa kevla, helmeti, smoki, fleshi mbili, na 300 inayobaki ni HE. Mfanye hivyo sekunde za mwanzo kabisa mkiwa bado hamjaachiwa kutembea, mkisimama karibu, maana bunduki ikiangukia njia ya mwingine anayekimbia bila bunduki ataiokota yeye.